Ukienda Kuyatazama Mafunjo ya Mwanza

Mgeni akifika Mwanza, wenyeji wake humpeleka palepale siku zote: Jiwe la Bismarck kwa ajili ya picha, Capri Point jua likizama, sato wa kukaanga kwa ugali, na muda ukiruhusu, Makumbusho ya Wasukuma kule Bujora. Ni matembezi mazuri, sina neno nayo. Lakini nina ombi kwako wewe unayepanga likizo ya familia, kwako mwalimu unayetafuta mahali pa kuwapeleka wanafunzi, na kwako mkazi wa Nyegezi au Buswelu ambaye ziwa unaliona kila siku kupitia dirisha la daladala. Tengeni asubuhi moja mwende mafunjoni, pale mto unapoingia ziwani na maji yanapoacha kukimbia. Kuna mengi ya kuona pale, na ukifika bila kujua unatazama nini utarudi ukisema umeona majani tu.

Tuanze na ziwa lenyewe. Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, ni bwawa. Limekuwa bwawa tangu tarehe 29 Aprili 1954, siku Malkia Elizabeth wa Pili alipofungua lambo la Owen Falls kule Jinja, ambalo leo linaitwa Nalubaale. Kabla ya hapo Mto Nile ulitoka ziwani kwa kuruka miamba ya Ripon, na miamba hiyo ndiyo iliyoamua maji kiasi gani yatoke. Lambo lilipojengwa, maporomoko yale yakazama, na uamuzi ukahamia mikononi mwa watu wanaofungua na kufunga milango. Wakawekewa kanuni: ziwa likipanda waachie maji mengi, likishuka wapunguze, ili mto uende kama ambavyo ungekwenda maporomoko yangekuwapo.

Kanuni haikufuatwa siku zote. Mwaka 2005 na 2006 ukame ulikutana na uachiaji wa maji kupita kiasi kwa ajili ya umeme, ziwa likashuka hadi mialo ikabaki nchi kavu na wavuvi wakawa wanaburuta mitumbwi topeni. Kisha mvua zikageuka. Mwaka 2020 maji yalifika kimo ambacho hakikuonekana tangu mwaka 1964, na mwaka 2024 yakapita hapo. Nyumba, bustani na magati yaliyojengwa karibu mno yakajikuta ndani ya ziwa.

Piga hesabu ndogo uone ukubwa wa jambo hili. Ziwa likipanda nusu mita tu, limeongeza maji yapatayo mita za ujazo bilioni 34. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, tunalojivunia kwa haki, likijaa lina bilioni 30 na ushee. Na sehemu kubwa ya maji ya ziwa, takriban asilimia 80, haitoki mtoni bali ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kwa hiyo ufukwe unaoukanyaga Mwanza ni ukingo wa bwawa ambalo mlango wake uko Uganda, na kinachokaa kati ya bwawa hilo na watu ni mafunjo, matete na tope.

Sasa safari. Ushauri wangu ni kwamba msianzie mafunjoni. Anzieni mjini, kwenye Mto Mirongo.

Simameni kwenye daraja lolote la Mirongo, siku ambayo haijanyesha, dakika 20 zinatosha. Mto huu unapita katikati ya jiji, Mabatini hadi Mlango Mmoja na kuendelea mpaka ziwani, na nyumba zimeusogelea pande zote. Milima ya Mwanza ni mawe matupu. Mvua ikipiga juu ya mawe haina pa kuzama, inateremka yote kwa pamoja, na mto ambao asubuhi mtoto anauruka, jioni unaingia vyumbani mwa watu. Njiani hakuna bonde la majani la kuupunguza kasi. Chupa za plastiki, mchanga wa milimani, maji ya vyoo, vyote vinafika ziwani siku hiyohiyo. Waonyeshe watoto hilo kwanza, kisha mpande gari.

Kutoka hapo mna njia mbili. Iliyo karibu ni ya Nyashishi, ukishapita Buhongwa kuelekea Usagara, ambako bonde la mto limejaa majaruba ya mpunga na matete. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kwenda Magu kwa barabara ya Musoma hadi Mto Simiyu. Simiyu unatoka mbali, upande wa nyanda za Serengeti. Kiangazi unakaribia kukauka. Masika unakuja mwekundu kwa udongo wa mashamba. Ukifika karibu na Ghuba ya Speke unaingia kwenye uoto mzito, na hapo ndipo pa kusimama na kutazama kwa utulivu. Maji yanayoingia majanini ni ya rangi ya chai ya maziwa. Yakitawanyika kati ya mashina yanapoteza kasi, na maji yasiyo na kasi hayawezi kubeba udongo. Udongo unatua. Mbolea iliyooshwa mashambani inanyonywa na mizizi. Yanayotokea upande wa ziwa yamepungua ukali na yamepungua uchafu. Kazi hiyo inafanyika usiku na mchana bila mtu kulipwa, na maji ya ziwa hilohilo ndiyo yanayosukumwa na pampu za Capri Point na Butimba kwenda kwenye mabomba ya jiji.

Ukiwa ndani ya mtumbwi, mwombe mwendeshaji akusogeze hadi kwenye ukuta wa mafunjo, mkono ufike. Shika shina moja. Utahisi pembe tatu, halina mviringo. Kule juu, mita 4 hadi 5 kutoka majini, limechanua nywele za kijani. Fuata shina kwenda chini hadi pale ganda la kahawia linapoanza, utaona halikusimama kwenye ardhi. Limesimama kwenye mkeka wa mashina manene yaliyolala na kusukana, na mkeka wenyewe unaelea. Wimbi la mtumbwi likipita chini, eneo lote linanyanyuka na kushuka taratibu kama godoro. Ndiyo maana ziwa lilipopanda mwaka 2020 mafunjo mengi hayakuzama, yalipanda nalo. Mengine yalikatika yakawa visiwa vinavyotembea. Aprili ya mwaka huo kisiwa kimoja cha namna hiyo kilielea hadi Jinja, kikaziba mitambo ya Nalubaale, na Uganda ikaingia gizani nchi nzima.

Usiyachanganye mafunjo na magugu maji. Magugu maji yana jani nene linalong'aa na ua la zambarau linalopendeza macho, yanaelea huru bila kushikana na ufukwe, na asili yake ni Amerika ya Kusini. Yalivamia ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 wataalamu wakaleta mbawakawa wadogo wanaoyala ili kuyapunguza. Ukiyaona yamejaa kwenye ghuba, ujue mbolea na maji machafu yameingia mengi mahali hapo. Mtoto akijifunza kutofautisha mmea unaoshikilia ufukwe na mmea unaouziba, safari imemlipa.

Ndege ndio watakaowashika wengi wenu. Furukombe hahitaji kutafutwa, sauti yake inafika kabla yake. Mdiria mweusi na mweupe ataning'inia hewani juu ya maji kisha ajitupe. Juu ya majani ya yungiyungi tazama ndege wa kahawia mwenye vidole virefu kupita kiasi, anayetembea juu ya jani bila kuzama. Kwao ni baba anayelea vifaranga. Yangeyange, mnandi na fundichuma wapo kila mahali. Lakini ndege wa kumsubiri ni mmoja, mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, utosi wa njano. Haishi popote pasipo mafunjo. Hutamwona kwa kutembeatembea. Zima injini, nyamaza, sikiliza dume na jike wakipokezana mlio ndani ya majani, na baada ya muda mmoja atapanda juu ya shina kutazama nani amekuja. Mafunjo yakifyekwa yote, ndege huyo hana pa kuhamia.

Kuhusu msimu, wengi husema kiangazi. Mimi nasema mwishoni mwa Mei na Juni. Masika yamekwisha, barabara za vumbi zinapitika, na ziwa ndipo huwa limefika kimo chake cha juu kwa mwaka, hivyo maji yameingia majanini na mtumbwi unapita mahali ambapo Oktoba ungekwama. Anayefuata ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia aje kati ya Novemba na Machi, akijua atakutana na mvua. Kwa saa, hakuna mjadala: muwe majini jua linapochomoza na mrudi kabla ya saa tano. Mchana upepo unaamka, mawimbi yanapanda, ndege wanajificha, na jua la ziwani linaunguza mara mbili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu huliruka. Tanzania ina maeneo 4 ya ardhi oevu yaliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Hakuna hata moja lililo ufukweni mwa Ziwa Victoria. Maana yake kwako msafiri ni kwamba mafunjoni huku hakuna lango, hakuna askari wa hifadhi, hakuna ubao wa maelezo wala njia ya mbao ya kutembelea. Mahali ni pa wavuvi, wakulima na wakata majani, na wewe ni mgeni wao. Jipange hivyo.

Ukifika mwaloni, usiende moja kwa moja majini. Ulizia uongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, au ofisi ya mtendaji. Salimia. Mzee mpe shikamoo yake. Ukiweza kuongeza "mwangaluka" ya Kisukuma ya asubuhi utaona nyuso zinafunguka. Kisha eleza umekuja kufanya nini, mapema na kwa sauti ya kusikika, maana mtu mwenye darubini, kofia na daftari mwaloni anafanana na afisa wa doria anayetafuta nyavu haramu. Wenye makokoro watatoweka na wasio nayo watakununia. Ukisema umekuja kuangalia ndege na mafunjo na watoto, watacheka kidogo, halafu watakupa kijana anayejua kila upenyo.

Huyo kijana ndiye kiongozi wako, na bei yake mpatane kabla ya kupanda. Patana kwa mtumbwi na kwa saa, usipatane kwa kichwa. Mwambie wazi kwamba mkikaribia majani azime injini na atumie kasia au upondo. Hilo ni muhimu kuliko kasi, na lina gharama kwake ya muda, kwa hiyo umlipe kwa moyo.

Kabla ya kupanda, tazama mtumbwi. Maji yaliyotuama chini ni ya kiasi gani, na kopo la kuyatolea lipo? Mbao za ubavuni zimezibwa vizuri, au pamba inachungulia kwenye maungio? Jaketi okozi lipo kwa kila mtu, la mtoto likiwa la saizi ya mtoto, na kamba zake zinafungika? Likiwa limefungiwa kwenye mfuko mbele ya mtumbwi halina kazi. Livaeni mkiwa bado mchangani. Ziwa hili lilichukua mamia ya watu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na wengine zaidi ya 200 kwa MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kila nyumba ya Mwanza ina anayemkumbuka mtu. Jioni ya kuamkia safari, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa Ziwa Victoria. Ikitajwa mvua ya radi au upepo mkali, ahirisha, hata kama umeshalipa.

Viboko wanahitaji aya yao. Mafunjoni utaona mahali majani yamelazwa na tope limechimbika mfereji laini unaotoka majini kwenda nchi kavu. Hiyo ni njia ya kiboko. Kinyesi kimetawanywa kwenye majani pembeni, na nyayo zina vidole vinne vipana. Usisimame hapo, usipite hapo, na usimwache mtoto akaingia kupiga picha. Kiboko hutoka jioni kula na kurudi alfajiri, na anayemkuta kati yake na maji hatapewa nafasi ya kujieleza. Mamba naye yupo. Katika baadhi ya vijiji vya Buchosa imebidi vijengwe vizimba majini ili wananchi wachote maji bila kukamatwa. Msikae ukingoni, msioshe miguu, msining'inize mikono majini. Kijana wenu akisema "hapa hapana", msibishane naye.

Vaeni suruali ndefu, mikono mirefu, kofia na viatu vilivyofungwa. Bebeni maji ya kunywa na chakula, na mrudi na takataka zote. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa bado zinaogelea, na za Mirongo mmeziona wenyewe. Wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani wingu kwa wingu hawaumi. Funga mdomo tu wapite. Mbu ndio wa kuogopa, hasa mkilala vijijini, kwa hiyo chandarua kiwemo mzigoni.

Mtakuta mtu analima mafunjoni. Amechoma majani, amechimba matuta, amepanda mchicha au mpunga. Nakusihi usimhubirie. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na ni sheria nzuri, lakini majengo makubwa ya mjini nayo yanaivunja, na mkulima yule anajua. Muulize anavuna nini, maji yalifika wapi mwaka 2024, baba yake alilima wapi. Utapata elimu ambayo haipo kwenye kitabu. Pembeni yake utamkuta anayekata mafunjo kwa ajili ya majamvi na kuezeka. Huyu namtetea kabisa: shina likikatwa juu ya maji mkeka unabaki na mengine yanachipua, ilhali jembe na moto vinaung'oa mkeka wote. Nunua jamvi kwake. Pesa inayofika mwaloni kwa sababu ya mafunjo ndiyo itakayowapa watu wa pale sababu ya kuyaacha yasimame.

Kwa wenye watoto wadogo mno au wazee wasioweza mtumbwi wa mbao, Kisiwa cha Saanane kinatosha. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, ndogo kuliko zote nchini, na boti ya hifadhi inavuka kutoka Capri Point kwa dakika chache. Kina miamba, pimbi, swala na ndege wengi, na askari wa kuwaongoza. Mafunjo mazito hakina. Kwa wenye siku mbili au tatu, endeleeni na barabara hadi Musoma na Daraja la Kirumi, mkaone Mto Mara unavyomaliza safari yake kutoka msitu wa Mau huko Kenya kwa kupotelea kwenye bahari ya mafunjo. Ukubwa wake utakunyamazisha. Hapo ratiba yenu iwe na siku nzima, na kijana wa mtumbwi muwe mmemtafuta tangu jana yake.

Limebaki moja, na usilipuuze: kichocho. Konokono wanaokibeba wanaishi hasa pale pale penye majani na maji yaliyotulia, na vimelea vyao hupenya ngozi nzima ndani ya dakika chache, zaidi kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri. Kukanyaga maji unaposhuka mtumbwi kunatosha, kwa hiyo vaa buti za mpira au uombe mtumbwi uvutwe mpaka mchangani. Malambo ya vijijini nayo yasikudanganye kwa utulivu wake. Kichocho cha mkojo kinapatikana huko. Ikiwa maji yalikugusa, usikimbilie dawa wiki hiyohiyo, kwa sababu prazikwanteli haiui vizuri minyoo ambayo bado michanga. Weka alama kwenye kalenda, na baada ya wiki 6 hadi 8 nenda kituo cha afya ukapime choo na mkojo, ukimweleza mhudumu kwamba uliingia kwenye maji ya ziwa, wapi na lini. Watoto wapimwe pamoja nawe, hata kama hawalalamiki tumbo.